Harrier ina kila kitu, kasoro kiti cha mtoto

Ni Jumamosi, saa moja asubuhi, Singida mjini. Upepo umeshaanza kurusha vumbi barabarani, na familia moja inajiandaa kwenda Shelui kumsalimia bibi. Gari ni Harrier nyeupe, ina miezi mitatu tu tangu itoke bandarini Dar es Salaam.

Baba anapowasha, sauti ya mwanamke inasema maneno ya Kijapani. Mtoto wa miaka minne anaiga neno kwa neno na gari zima linacheka. "Inatusalimia," baba huwaambia wageni wanaopanda kwa mara ya kwanza.

Ndani kuna raha. Siti ni za ngozi, za mbele zinasogea kwa kubonyeza kitufe. Kiyoyozi kinapuliza, paa lina kioo kinachofunguka, na ukirudi nyuma kamera inakuonyesha kilichopo.

Mama amekaa mbele, amempakata mtoto wa miezi tisa. Wa miaka minne amesimama katikati ya siti mbili za mbele, maana hapo ndipo anapoona barabara vizuri. Wa miaka tisa yuko nyuma peke yake, na nyuma ya siti yake kuna dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti, zawadi ya bibi.

Gari linalia kwa sababu dereva hajafunga mkanda. Baba hapendi mkanda, unambana tumbo. Anaupitisha nyuma ya mgongo, anauchomeka, kelele zinaisha. Safari inaanza.

Familia hii ni mfano, lakini msomaji wa Singida, Ikungi au Manyoni hatahangaika kuitafuta. Iko kwenye barabara kuu kila mwisho wa wiki.

Kilichotokea Sekenke

Walipita Iguguno, wakapita Misigiri, wakaanza kushuka mteremko wa Sekenke. Baba aliacha gia kwenye D na mguu kwenye breki, kona baada ya kona. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani, akadhani inatoka kwenye lori lililokuwa mbele yao.

Ghafla lori lile likasimama. Baba akakanyaga breki kwa nguvu. Pedeli ikaanza kutetemeka chini ya mguu wake, kukawa na mlio wa kukwaruza. Akaogopa, akadhani breki imekatika, akaachia. Kisha akakanyaga tena. Harrier ikasimama hatua chache nyuma ya lori.

Hawakugonga kitu. Hata hivyo, mtoto wa miaka minne alirushwa mbele, mdomo ukagonga dashibodi, jino moja likatoka. Dumu likateleza na kupiga mgongo wa siti ya nyuma, likapasuka. Mama alibaki ameduwaa. Kichanga alikuwa amemponyoka na kuangukia karibu na miguu yake, analia. Hakuumia. Mama hakuwahi kuamua kumwachia. Mikono ilifunguka yenyewe.

Walipofika Shelui, bibi alimfuta mjukuu damu, akalizunguka lile gari polepole, akamuuliza mwanawe, "Sasa baba, gari zuri namna hii, halina pa kumkalisha mtoto?"

Lina pa kumkalisha. Ila wenye gari hawakuwahi kupatafuta.

Sauti ya Kijapani inasema nini

Sauti inayosikika kwenye magari mengi yanayotoka Japani dereva anapowasha haisalimii mtu. Inatoka kwenye kifaa cha kulipia barabara za kulipia za Japani, na inamkumbusha dereva kwamba hajaingiza kadi ya malipo. Kwa Singida haina kazi yoyote.

Hapo kuna jambo la kujifunza. Katika gari lile sauti isiyo na kazi iliachwa iseme kila asubuhi, na mlio wa mkanda, wenye kazi, ukanyamazishwa.

Gari la kifahari linazungumza sana, kwa taa, kwa milio na kwa vitufe. Baba alijua kitufe cha redio, cha siti na cha paa ndani ya wiki moja. Taa za usalama hakuzijua hata baada ya miezi mitatu, kwa sababu kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani na kimelala kwenye droo ya dashibodi.

Dawa ipo kwenye simu ileile inayosoma ukurasa huu. Programu za kutafsiri kwa kamera zinaweza kusoma kitufe au ukurasa wa kitabu na kutoa maana yake. Pia Harrier ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, ndiyo iliyouzwa Marekani na kwingineko kwa jina la Lexus RX. Kitabu cha Lexus RX cha miaka hiyo kinapatikana kwa Kiingereza, na mambo mengi yanafanana, ingawa si yote.

Mkono haushindani na gari

Wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto aliyepakatwa na mama yuko salama kuliko popote. Kwa baridi, kwa usingizi na kwa machozi, ni kweli. Kwa gari linalosimama ghafla, si kweli.

Gari likigonga kitu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwenye makazi, mtoto wa kilo 10 anaendelea kwenda mbele kwa nguvu inayoweza kufikia uzito wa kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi. Hakuna mama anayeweza kuyazuia kwa mikono, hata kama amemfunga mtoto kwa khanga.

Kwa lugha nyingine, kugonga ukuta kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu. Hakuna mzazi anayemsimamisha mtoto kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu ili aone mandhari vizuri.

Kuna kosa jingine linaloonekana kama upendo, nalo ni kumfunga mtoto na mama kwa mkanda mmoja. Gari likigonga, uzito wa mama unamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja.

Mama mjamzito naye anapaswa kufunga. Sehemu ya chini ya mkanda inapita chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na sehemu ya juu inapita katikati ya matiti, pembeni ya tumbo. Mkanda haukatizi juu ya mimba.

Mkanda wa pointi tatu unaotumika leo ulibuniwa na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza hatari ya kifo kwa waliokaa mbele kwa karibu nusu. Mkanda uliopitishwa nyuma ya mgongo haupunguzi chochote.

Abiria wa nyuma nao wafunge. Mtu mzima asiyefunga mkanda nyuma anageuka mzigo unaorushwa kwa aliyekaa mbele yake, na mara nyingi aliyekaa mbele ni dereva au mama.

Mkanda una matunzo yake. Uvutwe wote hadi mwisho uangaliwe kama umechanika au umeliwa na jua. Uvutwe kwa ghafla uone kama unakamata. Ukiwa mchafu unasafishwa kwa maji na sabuni ya kawaida, bila dawa kali. Mkanda ulioshika watu kwenye ajali kubwa haushonwi, unabadilishwa.

Mfuko wa hewa ni rafiki mwenye nguvu

Ndani ya usukani na mbele ya abiria kuna mfuko wa hewa, ambao wengi huuita eabegi. Gari likigonga kwa nguvu, mfuko huo hujaa kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na hutoka kwa kasi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa.

Kwa mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa vizuri, mfuko huo unaokoa uso na kifua. Kwa mtoto aliyepakatwa mbele, unamkuta yeye kwanza, katikati yake na mama. Magari mengi ya Japani ya miaka hiyo hayana kitufe cha kuuzima upande wa abiria.

Kwa hiyo mtoto hakai mbele. Wataalamu wa usalama barabarani wanashauri watoto wa chini ya miaka 13 wakae nyuma. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma ya gari hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Dereva naye awe na nafasi ya angalau sentimita 25 kati ya kifua na usukani. Siti za umeme zimewekwa kwa kazi hiyo pia, siyo kwa kulala tu.

Baadhi ya magari yana mifuko mingine ubavuni mwa siti. Hapo makava mazito ya siti yanayopendwa na wenye magari yanaweza kuzuia mfuko usitoke. Kava la kununua liwe na nafasi wazi upande huo, au lisiwekwe.

Lipo suala la Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa ya magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengine wengi. Kemikali iliyotumika kuijaza ilikuwa ikiharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na baadhi ya mifuko ilipofunguka ilipasua kopo lake na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Watu walikufa katika nchi kadhaa. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudi kubadilishiwa, na Takata ikaomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017.

Magari ya miaka hiyo ndiyo yaliyojaa kwenye barabara zetu. Mwenye gari achukue namba ya chesisi kwenye kadi ya gari, aiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji au aipeleke kwa wakala wa kampuni hiyo, aulize kama mfuko ulishabadilishwa.

Na kuna taa. Dereva anapozungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya mfuko wa hewa, yenye picha ya mtu na duara au herufi SRS, inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na mfuko huenda usifanye kazi. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano mtu aliing'oa au kuiziba ili gari liuzike. Kazi ya mfuko wa hewa apewe fundi anayeijua, maana unaweza kufunguka mikononi mwake.

Kiti kilichobaki Japani

Tangu Aprili 2000, sheria ya Japani inamtaka dereva amweke mtoto wa chini ya miaka sita kwenye kiti maalumu cha mtoto. Maana yake ni kwamba Harrier ile, kama ilikuwa ya familia yenye watoto, inaelekea ilikuwa na kiti hicho siti ya nyuma. Gari liliuzwa, likapanda meli. Kiti kilibaki.

Wapo wanaobadilisha rimu na kuweka redio ya skrini kubwa mwezi wa kwanza. Kiti cha mtoto hakimo hata kwenye orodha.

Kichanga anahitaji kiti kinachotazama nyuma ya gari, kwa sababu shingo yake ni laini na kichwa ni kizito. Gari likisimama ghafla, mgongo wa kiti unabeba kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Akae hivyo mpaka afikishe angalau miezi 15, na zaidi kama kiti bado kinamtosha.

Baada ya hapo anahamia kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake ya mabegani, mpaka karibu miaka minne au uzito ulioandikwa kwenye kiti. Kisha anakuja kiti cha kumnyanyua, kinachomfanya mkanda wa gari umkae mtoto sawasawa.

Kipimo ni rahisi. Mkanda upite katikati ya bega na juu ya nyonga. Ukipita shingoni au tumboni, mtoto bado hajafikia kuutumia peke yake. Wengi hufikia wakiwa na urefu wa kati ya sentimita 135 na 150.

Anayenunua kiti atafute lebo yenye maandishi R44 au R129, viwango vya Umoja wa Mataifa. Anayenunua cha mtumba aulize kama kilishapata ajali, aangalie mipasuko kwenye plastiki, na asome tarehe ya mwisho wa matumizi kama imeandikwa. Kisha apapase katikati ya mgongo na kikalio cha siti ya nyuma ya gari. Akikuta vitanzi viwili vya chuma, hivyo ni vya kufungia kiti cha mtoto. Visipokuwepo, viti vingi hufungwa kwa mkanda wa gari.

Na mzazi ambaye bado hajapata kiti? Watoto wote wakae nyuma, kila mmoja na mkanda wake, hakuna kusimama katikati. Hilo halifikii ulinzi wa kiti maalumu, ila linazidi sana kusimama kati ya siti za mbele.

Breki inayotetemeka haijafa

Mtetemo ambao baba aliusikia Sekenke ni kazi ya ABS. Tairi linapotaka kujifunga na kuanza kuteleza, mfumo huo unaiachia na kuikamata breki mara nyingi kwa sekunde ili usukani uendelee kutii. Dereva anatakiwa akanyage kwa nguvu, asiachie, na aongoze gari. Yeye aliachia, na hatua zile alizopoteza ndizo karibu ziwafikishe kwenye lori.

Kwenye barabara ya changarawe, ABS inaweza kufanya gari lichukue umbali mrefu zaidi kusimama. Anayetoka lami kuingia njia ya vumbi apunguze mwendo mapema.

Ile harufu ya kuungua nayo haikutoka kwenye lori. Breki inayokanyagwa mteremko mzima hupata moto, na ikizidi joto hulegea. Gari la otomatiki lina dawa yake kwenye gia. Kabla ya kuanza kushuka, dereva anashusha kutoka D kwenda 3, 2 au L, kulingana na ukali wa mteremko. Magari mengine yana alama ya kujumlisha na kutoa kwa kazi hiyo. Injini italia zaidi, na hivyo ndivyo inavyolishika gari. Breki inabaki kwa ajili ya dharura.

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na yakiwa na maji huchemka upesi. Mafundi wazuri huyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi. Gari lililotoka meli yafaa lianzie hapo, kwa sababu hakuna anayejua yalibadilishwa lini.

Matairi ya theluji kwenye lami ya Manyoni

Baadhi ya magari yanashuka bandarini na matairi ya theluji, yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni. Raba yake ni laini ili ishike kwenye baridi. Kwenye lami ya moto kati ya Manyoni na Singida, raba hiyo inalika haraka na haishiki vizuri. Tairi lina kashata nzuri, mwenye gari anafurahi, kumbe si la huku.

Umri wa tairi unasomwa kwenye ubavu, kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 1519, tairi lilitengenezwa wiki ya 15 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 10 liondolewe hata kama bado lina kashata. Likivuka miaka mitano, fundi aliangalie kila mwaka.

Upepo upimwe asubuhi gari likiwa limepoa, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopata moto na kupasuka. Tairi la akiba nalo lipimwe.

Raha za ndani na watoto

Vumbi la Singida huziba kichujio cha hewa ya ndani. Kwenye magari mengi kichujio hicho kiko nyuma ya droo ya dashibodi, kinatolewa bila spana. Kiyoyozi kikipuliza kinyonge, kianze kuangaliwa hicho kabla ya kujaza gesi. Kikichafuka, watoto wenye pumu au mafua ya vumbi ndio wa kwanza kupata shida.

Mtoto haachwi ndani ya gari lililozimwa, hata kwa dakika za kununua mkate. Juani, joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto hupata joto mara kadhaa haraka kuliko wa mtu mzima.

Gari linapoachwa nyumbani nalo lifungwe, ufunguo ukae mbali na watoto. Mtoto anaweza kuingia kucheza akashindwa kutoka.

Kwenye ukingo wa milango ya nyuma, ukiifungua, kuna kitufe kidogo chenye picha ya mtoto. Kikisogezwa, mlango haufunguki kwa ndani. Kwenye mlango wa dereva kuna kitufe kinachozuia vioo vya nyuma visibonyezwe na watoto. Vioo vya umeme vinaweza kubana vidole au shingo.

Na paa la kioo ni la hewa na mwanga. Kwenye misafara ya harusi watoto husimamishwa wametoa vichwa juu huku gari likitembea, watu wakipiga picha. Hapo mtoto hana mkanda, hana siti, na breki moja inatosha.

Safari ya kurudi

Jumapili mchana familia ile ilirudi Singida. Bibi aliwapa kuku wawili, wakawekwa nyuma ndani ya boksi lililofungwa kamba. Mama alikaa nyuma na watoto, wa miaka minne akiwa amefungwa mkanda kwa mara ya kwanza, analalamika. Kichanga alipakatwa na mama, kwa sababu kiti hawakuwa nacho, na baba aliendesha taratibu njia nzima kwa sababu alijua hilo. Mkanda ulikuwa kifuani kwake.

Jumatatu alimpigia simu ndugu yake wa Dodoma amtafutie kiti cha mtoto. Mtoto bado anaiga ile sauti ya Kijapani kila asubuhi, kwa pengo.

Kabla ya safari ndefu, mzazi aangalie haya:

- Taa za mfuko wa hewa, ABS na breki zimewaka kisha zimezima.
- Kila mtu ana mkanda wake, unapita begani na nyongani.
- Watoto wote wako nyuma, na mdogo yuko kwenye kiti chake.
- Vitufe vya kufunga milango na vioo vya nyuma vimewekwa.
- Upepo wa matairi manne na la akiba umepimwa.
- Maji ya rejeta na mafuta ya breki yako kwenye alama. Rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto.
- Madumu, mabegi na mizigo mizito imefungwa, haiwezi kurukia siti ya nyuma.
- Egemeo la kichwa limenyanyuliwa lifike usawa wa masikio au juu yake.